Usiniambie "Breki Zimefeli"

Leo naiweka kompyuta kando (kidogo tu, tutairudia) nizungumze juu ya lori. Na niseme mapema kwamba nimekuja na hasira, kwa hivyo anayetaka makala ya upole na akanywe chai kwanza.

Kuna sentensi ya maneno mawili ambayo imetuharibu akili hapa Kenya. "Breki zimefeli." Lori likipinduka, breki zimefeli. Matatu ikiingia mtaroni, breki zimefeli. Dereva anasema hivyo, utingo anasema hivyo kama yuko hai, mwandishi wa habari anaandika hivyo. Sisi tunasoma, tunatikisa kichwa, tunasema poleni, tunafunga gazeti. Hakuna anayeuliza: kitu gani ndani ya breki? Na kilianza kuharibika lini?

Sisi tunaoandika programu tunaijua sentensi hii vizuri sana. Ni ndugu wa baba mmoja na ile ya "sistimu iko chini". Umepanga foleni tangu saa mbili, unafika dirishani, unaambiwa sistimu iko chini, rudi kesho. Ipi iko chini? Seva? Waya? Stima? Mtu amesahau neno la siri? Hakuna ajuaye, na hakuna anayeona haya kwa kutojua. Sentensi kama hiyo haielezi kitu, inafunika.

Sasa dai langu ni hili, na yeyote anayetaka kubishana nami abishane na hili: katika breki za mafuta HAKUNA kitu kinachoitwa "breki zimefeli". Kuna mpira fulani uliokatika, paipu fulani iliyooza, maji yaliyoingia kwenye mafuta, lainingi iliyoisha. Kila mara kuna kifaa chenye jina. Na mara nyingi kifaa hicho kilitoa habari mapema, siku kadhaa au miezi kadhaa, kwa mguu wa dereva mwenyewe. Anayesema breki zimefeli bila kutaja kifaa hajatafuta.

Mfano wangu unatoka Usenge. Msioijua: ni mji wa ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kaunti ya Siaya, ukipita Bondo ukaendelea kuelekea ziwani, karibu na kilima cha Got Ramogi. Hapo ndipo watu hupanda boti kwenda kisiwa cha Mageta, na hapo omena huanikwa mpaka nguo zako zinanukia omena wiki nzima. Kuna mzee wa kwetu, jaduong' mmoja asiyependa kuona chuma kikioza, ambaye alinunua Bedford la kijeshi la miaka ya 60 likiwa skrepa, akalifufua. Injini ya petroli ilifunguliwa yote. Bodi ikapigwa nyundo na kupakwa rangi ya kijani upya. Watoto wanalifuata likipita kama vile ni gwaride la Jamhuri.

Jambo moja tu: breki.

Asubuhi pedali ilikuwa juu na ngumu, nzuri kabisa. Baada ya safari ya dakika ishirini hivi, ukisimama na kushikilia pedali chini, ilianza kuzama polepole kama mguu kwenye tope la Yala. Kopo la mafuta ya breki lilikuwa linapungua kila siku, na chini ya lori hakuna hata tone moja. Magurudumu makavu. Paipu kavu.

Mafundi wanne walilishughulikia lori hilo kabla sijaliona. Wa kwanza alibadilisha mipira ya masta silinda. Wa pili alitoa hewa magurudumu yote, akalipwa, akaenda. Wa tatu akasema lainingi zimechoka, akaweka mpya. Wa nne, huyu ndiye aliyenipandisha presha, alipoona kopo limepungua alijaza OILI YA INJINI. Kwa nini? Kwa sababu "yote ni mafuta".

Hesabuni pesa zilizotoka. Halafu mniambie ni wangapi kati ya hao wanne waliofanya hata jaribio moja la kujua tatizo liko wapi kabla ya kufungua spana. Jibu ni sifuri. Wahenga walisema ganga ganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini. Hapa mgonjwa ni lori la tani kadhaa, na juu ya magunia yake ya omena wangekaa akina mama wanaokwenda kuuza Kisumu, kupitia Bondo hadi Kisian. Matumaini hayasimamishi lori.

Tuelewane kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana siyo uchawi. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa, msukumo unafika kila upande sawasawa. Breki ya mafuta ni hilo tu. Mguu unasukuma pistoni ya masta silinda, mafuta yanapita kwenye paipu, yanasukuma pistoni ndogo kwenye kila gurudumu, nazo zinabana lainingi kwenye dramu. Gari la Duesenberg lilikuwa nazo kwenye magurudumu yote manne tangu 1921. Lori likiwa zito mguu peke yake hautoshi, kwa hivyo wakaongeza boosta inayotumia nguvu ya kunyonya ya injini kusaidia mguu. Malori ya GMC ya Wamarekani katika vita vikuu vya pili, yale ya CCKW yaliyotengenezwa zaidi ya 500,000, yalikuwa na boosta ya aina ya Hydrovac, inayokaa peke yake kwenye chasisi. Mafuta ya breki yanapita ndani yake. Bedford la Usenge limefungwa boosta ya aina hiyo hiyo. Shikeni hilo, litatusaidia hivi punde.

Haya, pedali ni kama skrini ya kompyuta. Inakuandikia ujumbe, ila inabidi ujue kusoma:

1. Pedali laini kama sponji: kuna hewa ndani. Hewa inabanika, mafuta hayabaniki.

2. Pedali iko chini lakini ukiipampu mara mbili inapanda: lainingi ziko mbali na dramu, zinahitaji kurekebishwa, au kuna hewa. Ukiona dereva anapampu kila akitaka kusimama, shuka.

3. Pedali inazama polepole ukiishikilia: mafuta yanatoroka mahali. Ama yanavuja nje, ama yanapita ndani kwenye mpira uliochoka.

4. Pedali ngumu kama jiwe lakini lori halisimami: boosta haisaidii, au lainingi zimelowa, au zimepata moto mpaka zimekuwa kama kioo.

5. Lori linavuta upande mmoja: wili silinda moja imekwama, lainingi ya upande mmoja imelowa, au mpira mmoja wa breki umeziba kwa ndani. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima nje na ndani umevimba mpaka mafuta hayapiti.

6. Magurudumu yote yanashika yenyewe na hayaachii: tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda limeziba, au pedali haina nafasi ya kurudi.

Bedford letu lilikuwa namba 3. Mafundi walisoma namba 1, wakasoma namba 2, wakasoma na mambo ambayo hayapo kwenye orodha.

Sasa tufanye kazi kama watu. Unapotafuta mdudu kwenye programu ya mistari 10,000, husomi mstari mmoja mmoja ukiomba dua. Unaikata katikati. Unauliza: tatizo liko nusu hii au nusu ile? Ukijua, unakata tena. Breki ni hivyo hivyo.

Mkato wa kwanza: banisha mipira yote ya breki inayokwenda kwenye magurudumu kwa kibanio kisicho na meno (mipira hiyo ilikuwa inangoja kubadilishwa, maana mpira mzee ukishabanwa usiuamini tena). Washa injini, kanyaga, shikilia. Pedali bado inazama? Basi magurudumu yote hayana hatia. Kazi ya fundi wa pili na wa tatu imeondoka kwenye kesi kwa jaribio la dakika kumi.

Mkato wa pili: fungua paipu inayotoka masta silinda, ziba tundu kwa boliti yenye uzi sawa. Kanyaga. Pedali ikasimama kama ukuta. Basi masta silinda ni nzima. Fundi wa kwanza naye ameondoka.

Kilichobaki ni boosta na paipu zake, na paipu unaziona kwa macho, ni kavu. Mkato wa tatu: toa mpira unaokwenda kutoka boosta hadi injini, ingiza kidole. Kidole kikatoka kimelowa mafuta ya breki. Kwisha habari. Mpira mdogo ndani ya boosta umekatika, na injini inayanyonya mafuta ya breki na kuyachoma pamoja na petroli. Ndiyo maana hakuna tone chini. Ndiyo maana moshi ulikuwa mweupe, na kila mtu aliuona moshi huo na hakuna aliyeuuliza.

Majaribio matatu. Boliti moja, vibanio, kidole. Hakuna kompyuta, hakuna mashine ya Ujerumani.

Mtu atasema haya ni mambo ya jua kali, wasomi hawafanyi hivyo. Nani kasema? Kati ya 1985 na 1987 kulikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya Kanada, AECL. Iliwapa wagonjwa angalau 6 mionzi ya kupita kiasi, wengine wakafa. Baada ya ajali ya 1985 huko Hamilton, wahandisi walishindwa kuirudia hitilafu, wakashuku swichi moja ndogo, wakarekebisha upande huo, wakatangaza kwamba mashine sasa ni salama mara nyingi zaidi. Haikuwa hivyo. Mwaka uliofuata, hospitalini Tyler, Texas, mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendeshaji wa mashine walikaa wakairudia hitilafu mpaka wakaipata: ilitokea pale mwendeshaji aliporekebisha maandishi kwa haraka. Ilikuwa mdudu kwenye programu. Waliokuwa na digrii walifanya lile lile alilofanya fundi wa kwanza wa Usenge: kubadilisha kitu bila kuthibitisha. Tofauti iko kwenye kuthibitisha, siyo kwenye shati jeupe.

Turudi kwa oili ya injini, maana hapo sijamaliza. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yametengenezwa kwa glaikoli, na mipira ya ndani imetengenezwa kuishi nayo. Ukitia oili ya petroli, mipira inavimba. Ikivimba inaziba lile tundu la kurudishia, breki zinashika zenyewe, dramu zinachemka. Kwa hivyo kilichokuwa mpira mmoja wa boosta sasa ni mipira YOTE: masta, boosta, silinda zote za magurudumu, na paipu zote kuoshwa kwa spiriti. Fundi wa nne hakukosa tu kutengeneza, aliharibu vilivyokuwa vizima. Na asije mtu akadhani DOT 5 ni DOT 4 iliyoboreshwa. Hiyo ni silikoni, usiichanganye na hizo nyingine.

Halafu kuna maji. Mafuta ya glaikoli yanakunywa unyevu wa hewani, na sisi wa kando ya ziwa unyevu tunao wa kugawa. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230, inashuka hadi 155. Sasa fikiria lori limejaa, linashuka mteremko wa Riat kuingia Kisumu, dereva ameweka gia kubwa na mguu uko kwenye breki njia nzima. Mafuta yanachemka, yanageuka mvuke, mvuke unabanika, pedali inagusa sakafu. Lori linaanguka. Kesho yake mkaguzi anakuja, breki zimepoa, mvuke umerudi kuwa mafuta, anakanyaga pedali iko juu. Anaandika nini? Ushahidi umeyeyuka. Lakini yale mafuta bado yapo kwenye kopo, ukiyapima utaona maji. Nani huyapima?

Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 barabara zetu ziliua zaidi ya watu 4,000. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo Londiani na watu zaidi ya 50 wakafa kando ya barabara. Sitataja chanzo hapa, hiyo siyo kazi yangu. Ninachosema ni kwamba baada ya msiba kama ule, nchi inastahili maelezo yenye jina la kifaa, siyo maneno mawili.

Najua mtakayoniambia. Kwanza, kwamba fundi ni maskini na hana vifaa. Kweli. Lakini majaribio yale matatu ni rahisi kuliko kiti moja ya mipira. Umaskini ndio sababu ya KUPIMA kwanza, maana anayelipia kubahatisha ni mteja maskini mwenzake. Na mafundi wetu wana akili, mtu anayeweza kufinyanga bodi ya Bedford kwa nyundo hashindwi kuziba tundu kwa boliti. Tatizo ni sisi wateja. Tunamlipa kwa kubadilisha, hatumlipi kwa kutafuta. Ukimwambia fundi "hapa kuna mia tano, niambie tatizo liko wapi, usibadilishe kitu", anakuangalia kama umerogwa.

Pili, kwamba ajali ni kazi ya Mungu. Omera, Mungu hakutia oili ya injini kwenye kopo lile.

Tatu, wale wapenzi wa magari ya kale wanaotaka kila kitu kiwe cha asili. Nyinyi nawaheshimu, lakini sikilizeni. Malori mengi ya zamani ya jeshi yana njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, zote zimekwenda, umebaki na breki ya mkono na sala. Wamarekani waliona hatari hiyo kwenye magari madogo, wakalazimisha njia mbili kuanzia Januari 1968. Sisi wa programu tunaita hali hii kuwa na seva moja bila ya akiba, na mtu akijenga benki hivyo anafukuzwa kazi. Kama lori ni la maonyesho, liache lilivyo. Kama litabeba watu na mzigo, weka masta silinda ya njia mbili, rangi ya kijani itabaki kuwa ya kijani.

Kwa hivyo naomba mambo manne, ni machache.

Kwanza, kila lori liwe na daftari ndani ya kabini: tarehe, pedali ilikuwaje, mafuta yaliongezwa kiasi gani. Kopo likipungua mara mbili ndani ya mwezi, lori lisitoke. Hiyo ndiyo logi yetu, na bei yake ni daftari la shule.

Pili, mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, yatoke kwenye chupa iliyofungwa, siyo kwenye chupa ya soda.

Tatu, fundi asilipwe mpaka ataje kifaa na aonyeshe jaribio lililomfikisha hapo.

Nne, polisi, wakaguzi na waandishi wa habari: mtu akiwaambia breki zimefeli, msiandike bado. Muulizeni, kipi? Masta? Boosta? Mpira wa mbele kulia? Mafuta yalikuwa na maji? Mara ya mwisho yalibadilishwa lini, na nani? Asiyejua aandikwe kwamba hajui. Hilo peke yake lingekuwa maendeleo.

Bedford la Usenge liko juu ya mawe sasa hivi ninapoandika, magurudumu nje, linangoja mipira. Jaduong' amekataa kulipakia hata gunia moja mpaka pedali ishikiliwe dakika tano injini ikiwaka bila kuzama, na kopo likae wiki nzima bila kupungua. Wanunuzi wa omena wanamnung'unikia kwamba anawachelewesha. Wacha wanung'unike. Mtu anayenung'unika anapumua.

Haya, uwanja ni wenu. Makanika mnaosoma hapa, kama nimekosea kwenye orodha ile nirekebisheni, ila mje na jaribio, msije na "mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini".